Mtakatifu Fransisko na Noeli ya Greccio

Katika nchi ya Italia, miezi ya Oktoba mpaka Januari ina sikukuu nyingi. Ni miezi ambamo joto linakwisha na baridi inaingia. Majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, kisha huanguka yote. Jua huchelewa kutoka na huwahi kutua. Milimani huanguka theluji, yaani maji yaliyoganda kwa baridi, meupe kama pamba. Kazi za shamba hupungua, watu hukaa ndani karibu na moto, na ndipo wanaposherehekea.

Mwanzoni mwa majira hayo, tarehe 4 Oktoba, Waitalia humkumbuka mtu mmoja maskini aliyekufa mwaka 1226. Na inapofika Noeli, katika nyumba nyingi hutengeneza kitu ambacho mtu yule yule aliwafundisha babu zao kukitazama: hori yenye majani makavu, na Mtoto Yezu ndani yake. Mtu huyo ni Fransisko wa Assisi. Haya ndiyo maisha yake.

1. Mwana wa tajiri

Assisi ni mji mdogo katikati ya Italia, katika jimbo la Umbria. Umejengwa kwa mawe kwenye mteremko wa mlima Subasio. Huko Fransisko alizaliwa mwaka 1181 ao 1182. Baba yake, Pietro di Bernardone, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Mama yake aliitwa Pica. Mtoto alipozaliwa, baba alikuwa safarini Ufaransa. Mama akambatizisha kwa jina la Yoane. Lakini baba aliporudi akamwita Francesco, maana yake Mfaransa, na jina hilo ndilo lililobaki.

Fransisko hakukosa kitu. Mchana alimsaidia baba yake dukani. Usiku alitembea mjini pamoja na vijana wenzake, wakiimba na kula karamu, na mara nyingi yeye ndiye aliyelipa. Nguo zake zilikuwa za thamani kuliko nguo za wenzake wote. Wazazi walinung'unika kwa sababu ya fedha zilizopotea, lakini walimpenda sana, wakamwacha.

Walakini hakuwa na moyo mgumu. Siku moja duka lilikuwa limejaa wanunuzi, akaingia maskini akiomba msaada kwa jina la Mungu. Fransisko alikuwa na kazi nyingi, akamfukuza. Mara akaona haya. Akafikiri kwamba, kama yule maskini angeomba kwa jina la mtu mkubwa, angempa bila kuchelewa. Akakata shauri moyoni asimnyime tena mtu yeyote anayeomba kwa jina la Mungu.

Alitamani kuwa askari mwenye sifa. Mwaka 1202 watu wa Assisi walipigana na watu wa mji wa Perugia, naye akaenda vitani. Watu wa Assisi walishindwa. Fransisko akatekwa, akakaa kifungoni karibu mwaka mzima. Aliporudi kwao aliugua siku nyingi. Na alipopona, alitoka kuyatazama mashamba na mizabibu aliyoipenda tangu utoto, lakini havikumfurahisha tena. Hakujua bado anatafuta nini.

2. Mbele ya askofu

Siku zile wagonjwa wa ukoma walikaa mbali na miji, na watu wazima waliwaogopa. Fransisko aliwachukia kuliko wengine. Akiona nyumba yao kwa mbali, aligeuza uso na kuziba pua. Siku moja alikuwa juu ya farasi wake chini ya mji wa Assisi, akakutana na mkoma njiani. Alitaka kukimbia, lakini akajishinda. Akashuka, akampa fedha, akambusu mkono. Tangu siku ile alianza kuwatembelea wakoma na kuwatunza. Hata miaka mingi baadaye, alipoandika wosia wake karibu na kufa, alianza kwa kuwakumbuka wakoma, maana kwao alijifunza kuwa kitu kichungu chaweza kugeuka kitamu.

Nje ya mji kulikuwa na kanisa dogo la Mtakatifu Damiano. Kuta zake zilikuwa mbovu, karibu kuanguka. Fransisko aliingia kusali mbele ya msalaba. Hapo alisikia moyoni kwamba Yezu anamwagiza aitengeneze nyumba yake inayobomoka. Alidhani ni habari ya mawe na chokaa tu. Akaenda nyumbani upesi, akachukua vitambaa vya baba yake, akapanda farasi mpaka mji wa Foligno. Kule akauza vyote, hata na farasi, akarudi kwa miguu, akampa padri wa kanisa zile fedha. Padri alimwogopa Bernardone, akakataa kuzipokea. Fransisko akazitupa dirishani.

Bernardone alipopata habari alikasirika mno. Alimkamata mwanawe, akamfunga ndani ya nyumba. Baba alipokuwa safarini, mama alimhurumia mtoto wake, akamfungulia. Mwishoni, mwaka 1206, baba alimshitaki mbele ya Guido, askofu wa Assisi, na watu wengi walikusanyika kusikiliza. Askofu alimwambia Fransisko arudishe fedha, maana Mungu hataki nyumba yake ijengwe kwa mali iliyochukuliwa bila ruhusa.

Fransisko alikubali. Lakini hakurudisha fedha peke yake. Alivua nguo zake zote, akaziweka chini mbele ya baba yake, akabaki uchi. Akatangaza mbele ya watu kwamba tangu sasa Baba yake ni yule wa mbinguni tu. Askofu akamfunika kwa joho lake mwenyewe. Bernardone akaokota nguo na fedha, akaenda zake.

Siku ile haikuwa ya furaha tupu. Fransisko alipata uhuru, lakini baba alipoteza mwana. Tangu hapo kila mara Bernardone alipomkuta njiani alimlaani. Laana ya baba ilimwuma Fransisko. Kwa hiyo alimwomba mzee mmoja maskini awe kwake kama baba, na kila alipolaaniwa, mzee huyo alimwekea ishara ya msalaba na kumbariki.

3. Ndugu Wadogo

Fransisko alitengeneza kanisa la Mtakatifu Damiano kwa mikono yake, akiomba mawe mjini. Kisha akatengeneza makanisa mengine, na moja lilikuwa dogo sana, liitwalo Porziuncola. Wengi walimcheka wakisema ana wazimu. Lakini polepole wengine walianza kumfuata. Wa kwanza alikuwa Bernardo da Quintavalle, mtu tajiri. Aliuza mali yake yote, akawagawia maskini.

Walipofika watu 12, walikwenda Roma kwa miguu, mwaka 1209. Papa Innocent III aliwaruhusu waishi kama walivyotaka. Waliitwa Ndugu Wadogo. Walivaa kanzu nzito ya rangi ya udongo, wakajifunga kamba kiunoni. Walifanya kazi za mikono, walitunza wagonjwa, walihubiri toba na amani. Hawakupokea fedha. Wasipopata chakula kwa kazi yao, waliomba mlangoni kwa watu. Mwaka 1212 msichana wa ukoo mkubwa wa Assisi, jina lake Klara, aliacha vyote kama wao, akaanzisha shirika la watawa wanawake katika kanisa lile lile la Mtakatifu Damiano.

Mwaka 1219 Fransisko alivuka bahari mpaka Misri. Wakristu na Waislamu walikuwa wakipigana karibu na mji wa Damietta. Fransisko alipita katikati ya majeshi bila silaha, akamwendea Sultani al-Kamil. Wengi walifikiri atauawa. Sultani alimpokea kwa heshima, akamsikiliza, akamrudisha salama. Lakini vita havikukoma. Tena jua la Misri na magonjwa ya kule viliharibu macho ya Fransisko. Alirudi Italia akiwa mgonjwa.

Nyumbani alikuta shida nyingine. Ndugu walikuwa wamekwisha kuwa maelfu. Wengine waliona kwamba umaskini wa kwanza hauwezekani tena kwa watu wengi namna hii. Walitaka nyumba zilizo zao, vitabu vingi, na sheria nyepesi zaidi. Fransisko alipofika karibu na mji wa Bologna akasikia kwamba ipo nyumba iitwayo nyumba ya ndugu, aliwaamuru wote watoke upesi, hata wagonjwa. Hawakurudi mpaka walipoambiwa wazi kwamba nyumba ile si mali yao.

Mwaka 1220 Fransisko aliacha kuwa mkubwa wa shirika. Kanuni ya ndugu ikaandikwa, ikarudiwa, ikaandikwa tena. Papa Honorius III aliithibitisha tarehe 29 Novemba 1223. Fransisko alikuwa amefika karibu miaka 42. Macho yalimwuma, tumbo lilimwuma, tena alihuzunika kwa kuona ndugu hawapatani. Wakati huo Noeli ilikuwa imekaribia.

4. Usiku wa Noeli mwaka 1223

Katika bonde la Rieti, kati ya Roma na Assisi, kuna kijiji kiitwacho Greccio. Kimejengwa juu ya jabali kando ya msitu. Bwana wa Greccio aliitwa Giovanni Velita. Alikuwa mtu mkubwa, lakini Fransisko alimpenda kwa sababu ya moyo wake mwema. Siku kama 15 mbele ya Noeli, Fransisko alimwita. Alimwambia kwamba anataka kuona kwa macho yake shida aliyoipata Mtoto Yezu alipozaliwa Betlehemu: jinsi alivyolazwa juu ya majani makavu, kati ya maksai na punda. Akamwomba Giovanni atayarishe hori, majani, na wanyama hao wawili. Zaidi ya hayo hakuomba kitu. Mtakatifu Bonaventura, aliyeandika maisha yake baadaye, asema kwamba Fransisko alimwomba kwanza Papa ruhusa, watu wasidhani anaanzisha mambo mapya kwa kujipendeza.

Fransisko alikuwa na sababu zake. Wakulima wa Greccio walisikia Injili ya Noeli kila mwaka, lakini ilisomwa kwa Kilatini, na wengi wao hawakujua kusoma. Kwenda Betlehemu kulikuwa safari ndefu, yenye vita na yenye gharama. Mkulima maskini hakuweza kufika huko maisha yake yote. Basi Fransisko alitaka waone hapo kwao, kwa vitu walivyovijua kila siku, kwamba Mwana wa Mungu alizaliwa katika umaskini kama wao, tena kupita wao.

Usiku wa Noeli ulifika. Ndugu walikuja kutoka makao mengi. Watu wa vijiji vya jirani walipanda mlima, wanaume, wanawake na watoto, wakishika mishumaa na mienge. Msitu uling'aa, na mawe yalirudisha sauti za nyimbo zao. Penye miamba, chini ya miti, waliona hori iliyojaa majani makavu. Maksai alisimama upande mmoja, punda upande mwingine. Hapakuwa na sanamu. Hapakuwa na mtu aliyevaa kama Maria ao Yosefu. Lakini juu ya hori padri alisoma Misa, na Yezu mwenyewe akafika katika Ekaristia. Ndivyo Fransisko alivyotaka.

Fransisko hakuwa padri, alikuwa shemasi. Alivaa mavazi ya ushemasi, akaimba Injili kwa sauti nzuri yenye nguvu, kisha akawahubiria watu. Alisema habari za Mfalme maskini na za mji mdogo wa Betlehemu. Ndugu Tommaso da Celano, aliyeandika maisha yake ya kwanza kabla ya mwaka 1230, asimulia kwamba Fransisko alipotaja jina la Betlehemu, sauti yake ilikuwa kama ya kondoo mdogo anayelia. Na alipomtaja Mtoto wa Betlehemu, alilamba midomo, kama mtu anayeonja asali.

Tommaso aandika tena kwamba mtu mmoja mwema aliona katika hori mtoto mchanga amelala kama mfu, na Fransisko akamkaribia, akamwamsha usingizini. Tommaso mwenyewe aeleza maana yake: katika mioyo ya wengi Yezu alikuwa amesahauliwa, na kwa mtumishi wake huyu aliamshwa tena.

Misa ilipokwisha, watu walirudi makwao kwa furaha. Majani ya hori hayakutupwa. Waliyahifadhi, wakawalisha wanyama wao wagonjwa, na yasimuliwa kwamba walipona. Baadaye mahali pale pakajengwa altare, na kanisa juu yake.

5. Sikukuu ya wote, hata ya maksai

Kuliko sikukuu zote, Fransisko alipenda Noeli. Aliiita sikukuu ya sikukuu, maana siku hiyo Mungu alikuwa mtoto mdogo, akanyonya maziwa ya mama. Mwaka mmoja Noeli iliangukia siku ya Ijumaa. Ndugu wakabishana kama yafaa kula nyama. Fransisko hakupendezwa na mabishano hayo. Alisema kwamba siku hiyo hata kuta zingekula nyama kama zingeweza, na kwa kuwa haziwezi, zipakwe mafuta kwa nje.

Alitaka kwamba siku ya Noeli matajiri wawashibishe maskini. Alitaka maksai na punda wapewe chakula zaidi ya siku nyingine, kwa sababu walikuwapo karibu na hori. Alisema tena kwamba kama angeweza kusema na mfalme mkuu, angemwomba atoe amri: watu wamwage ngano njiani siku ya Noeli, ili ndege wale. Alimpenda hasa ndege mmoja mdogo wa rangi ya udongo, mwenye manyoya kichwani kama kofia ya mtawa. Katika miezi ya baridi, theluji inapofunika mashamba, ndege hawapati punje. Fransisko alijua hayo, maana yeye pia alijua njaa.

Lakini furaha yake haikumfanya asahau umaskini wa Yezu. Siku moja ya Noeli alikuwa mezani. Ndugu mmoja akataja jinsi Bikira Maria alivyokuwa maskini siku ile. Fransisko akainuka, akalia, akaketi chini juu ya udongo mtupu, akamaliza mkate wake hapo.

6. Kifo chake

Baada ya Noeli ya Greccio, Fransisko aliishi miaka mitatu kasoro miezi michache. Mwaka 1224 alipanda mlima La Verna kusali na kufunga. Hapo alipata madonda mikononi, miguuni na ubavuni, kama madonda ya Yezu msalabani. Aliyaficha kwa watu kadiri alivyoweza.

Macho yake yalizidi kufa. Karibu na Rieti, mganga alimchoma kwa chuma cha moto kutoka shavuni mpaka kwenye nyusi, akidhani ugonjwa utatoka. Ndugu walikimbia wasione. Fransisko alivumilia, lakini macho hayakupona. Na katika giza hilo, mwaka 1225, alitunga wimbo wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua, mwezi, upepo, maji, moto na nchi, akiviita ndugu na dada zake. Hakuutunga kwa Kilatini, bali kwa lugha ya watu wa kwao.

Mwaka 1226 alipelekwa Porziuncola, penye kanisa dogo alilolitengeneza zamani. Aliomba alazwe uchi juu ya udongo mtupu, kama alivyobaki uchi mbele ya askofu miaka 20 nyuma. Alimkaribisha hata kifo, akikiita dada. Alikufa jioni ya tarehe 3 Oktoba. Tommaso wa Celano na ndugu wengine waliandika kwamba ndege wale wadogo wa rangi ya udongo, ambao kwa desturi huimba mchana na kuogopa giza, walikuja juu ya nyumba, wakazunguka wakiimba, ijapokuwa usiku ulikuwa unaingia.

Tarehe 16 Julai 1228 Papa Gregory IX alimtangaza kuwa mtakatifu. Mwaka ule ule walianza kujenga kanisa kubwa huko Assisi, na mwaka 1230 mwili wake ulihamishiwa humo.

7. Sikukuu zilizobaki

Mwaka 1939 Papa Pius XII alimfanya Fransisko kuwa msimamizi wa Italia, pamoja na Mtakatifu Katerina wa Siena. Jioni ya tarehe 3 Oktoba Wafransisko hukumbuka kifo chake, na tarehe 4 ni sikukuu yake. Kila mwaka jimbo moja la Italia huleta Assisi mafuta ya taa inayowaka penye kaburi lake. Mwaka huu jimbo hili, mwaka ujao lingine. Mwaka 2025 bunge la Italia lilitoa sheria kwamba, kuanzia mwaka 2026, tarehe 4 Oktoba iwe tena siku ya mapumziko kwa nchi nzima.

Kisha zinafuata sikukuu nyingine. Tarehe 1 Novemba ni Watakatifu Wote. Kesho yake, siku ya Marehemu, watu huenda makaburini na maua. Tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martino, askari aliyekata joho lake apate kumvika maskini, hula njugu za msituni zilizochomwa, hunywa divai mpya. Tarehe 13 Desemba ni Mtakatifu Lusia. Katika miji kama Bergamo na Verona watoto hupata zawadi siku hiyo, na usiku wa mbele wengi wao huacha chakula nje kwa ajili ya punda wa Lusia. Watoto hao nao hawamsahau punda.

Lakini kazi kubwa ya nyumbani ni pango la Noeli. Waitalia huliita presepe, na neno hilo la asili ya Kilatini maana yake ni hori. Ndugu Wadogo na wakristu wengine waliieneza desturi hiyo polepole. Karibu mwaka 1291 mchongaji Arnolfo di Cambio alitengeneza sanamu za mawe za Noeli huko Roma, nazo zingali zinaonekana katika kanisa la Santa Maria Maggiore. Katika mji wa Napoli iko njia moja, Via San Gregorio Armeno, ambako mafundi hutengeneza sanamu ndogo za udongo: wachungaji, muuza samaki, mwoka mikate, mwanamke mwenye kufua nguo. Kwa maoni yao, watu wa kila kazi wanaweza kufika penye hori.

Katika nyumba nyingi kazi huanza tarehe 8 Desemba, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa wa dhambi ya asili. Baba hutoa sanduku la sanamu. Watoto hutafuta kuvu ya kijani inayoota juu ya mawe, ipate kuwa majani. Kioo huwa ziwa, na unga mweupe huwa theluji. Kuanzia tarehe 16 watu husali siku tisa za kumngojea Mkombozi. Katika miji mingine wachungaji wa milimani hushuka, wakipiga filimbi na zumari za mfuko wa ngozi. Siku zote hizo hori hubaki tupu. Usiku wa tarehe 24 watu hula samaki pasipo nyama, huenda Misa ya usiku, na ndipo Mtoto anapowekwa penye majani. Tarehe 6 Januari, siku ya Epifania, mamajusi watatu hufikishwa mbele yake, na watoto hupata peremende. Wanasema zimeletwa usiku na kikongwe aitwaye Befana.

Greccio nayo haikusahau. Kila mwaka watu wa kijiji huonyesha tena mambo ya usiku ule wa 1223. Mwaka 2013 kadinali Jorge Mario Bergoglio alipochaguliwa kuwa Papa, alichukua jina la Fransisko kwa ajili ya maskini wa Assisi. Tarehe 1 Desemba 2019 alikwenda Greccio, akatia sahihi barua yake juu ya maana ya pango la Noeli. Papa huyo alikufa mwaka 2025.

Ninyi wanafunzi, mnapokusanya udongo na majani kwa kutengeneza pango la Noeli, kumbukeni mtu aliyeomba vitu vitatu tu: hori, majani makavu, na wanyama wawili. Alikuwa na haraka ya kuona, maana macho yake yalikuwa yakifa. Alitaka kila mtu aone pamoja naye, tena ale pamoja naye. Pango lenu likiwa zuri, na jirani yenu akalala na njaa siku ile, kazi yenu bado haijakwisha.

Maulizo

1. Baba yake Fransisko alifanya kazi gani?
2. Kwa nini Fransisko alimwomba mzee maskini awe kama baba yake?
3. Ndugu Wadogo walishindana juu ya nini?
4. Giovanni Velita alitayarisha vitu gani huko Greccio?
5. Kwa nini Fransisko alitaka wakulima waone hori kwa macho yao?
6. Fransisko alitaka wanyama na ndege wapewe nini siku ya Noeli?
7. Taja sikukuu nne ambazo Waitalia huadhimisha kati ya Oktoba na Januari, na useme wanafanya nini katika kila moja.